Fabiano na Ratiba ya Mahema

Mume wangu Fabiano hawezi kuchemsha yai bila kuunda kamati. Simsemi vibaya, namsema alivyo. Kule kambi ya wakimbizi, upande wa Ngara, Tanzania, alikuwa mwenyekiti wa kijiji namba nne, watu mia sita na themanini, na alikuwa na filimbi, ubao na daftari. Akipuliza filimbi, watu wanapanga mstari. Akifungua daftari, watu wananyamaza. Hata mimi alinipata kwenye mstari wa mafuta ya kupikia. Alikosea jina langu, Lucia, mara mbili kwa makusudi, ili nirudi kulalamika. Nikarudi, na kulalamika sijaacha mpaka leo.

Kisha amani ikaja. Mwaka 2007 tukarudi kwetu Burundi, Itaba, mkoa wa Gitega, na hapo ndipo taabu ya mume wangu ilipoanza, maana amani haina mwenyekiti. Kila mtu ana shamba lake, maharage yake na ndizi zake, na hakuna anayepanga mstari kwa ajili ya chochote. Fabiano aliunda kamati ya kisima; kisima kikachimbwa, kamati ikaisha. Aliunda kamati ya mbuzi wanaokula mihogo ya watu. Mbuzi wakafungwa kamba, kamati ikaisha. Akabaki kuhesabu kuku wetu kila jioni na kuwapa namba. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

Mwaka wa sita tangu turudi, mdogo wake Godfrey akapiga simu kutoka Norwei. Huyu Godfrey aliondoka kambini kwa ndege mwaka 2002, akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, akaenda kuishi kwenye theluji. Huko akaoa, akazaa watoto wawili, Zawadi na Manase, ambao bibi yao hajawahi kuwatia machoni. Sasa alikuwa anakuja na hao watoto.

"Kaka," alisema kwenye simu, "tutakuwa na siku sita za kukaa kwenu. Watoto wanapenda kupanda milima, kuendesha baiskeli na kulala kwenye hema. Unaweza kutupangia kitu?"

Jamani, hilo ni neno la kumwambia mume wangu? Alisimama katikati ya uani na simu sikioni, mgongo umenyooka kama siku ile alipotembelewa kambini na wazungu wa ugavi wa chakula. Simu ikakatika. Aliingia ndani, akatoka na daftari jipya la kurasa mia, akapiga mistari kwa rula.

Mama Letisia, mama yao Fabiano na Godfrey, mabukwe wangu, alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Alisikia neno moja tu katika yote yale: Godfrey anakuja. Akaacha maharage palepale, akaenda kuloweka mtama.

Asiyejua kwetu nimweleze. Mtoto aliyekaa mbali akirudi, mama yake humpikia impeke, pombe ya mtama, wakaketi ndani ya nyumba, mtungi mmoja, mirija miwili, wakanywa polepole. Impeke haina haraka. Mtama unalowekwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, unapikwa. Ni kazi ya zaidi ya wiki, na haibebeki kwenye baiskeli. Mama alikuwa na chumba cha pembeni alichokisakafia kwa saruji mwaka tuliorudi, akaweka kitanda, na hakuna aliyewahi kulala humo. Watoto wangu wakilala watatu kwenye mkeka mmoja, chumba kile kimefungwa. Ukiuliza, anasema ni cha Godfrey. Nilishagombana naye kuhusu chumba hicho, nikashindwa.

Baada ya siku nne ratiba ikatoka. Fabiano alituita uani, akatusomea akiwa amesimama. Ilikuwa na vichwa vya habari. Msafara ungeanzia Gitega mjini, ukapita Itaba, ukapinda kuelekea Karusi, ukashuka mto Ruvubu, ukapanda Muyinga, na kumalizikia Buhinyuza karibu na mpaka, njia ileile tuliyopita kukimbia vita mwaka 1993, lakini mara hii kwa furaha. Neno hilo "kwa furaha" alikuwa amelipigia mstari. Usiku sita, mahema sita mahali sita. Kisha ikaja orodha ya watu: namba, jina, jinsia, umri, na safu ya mwisho ikiitwa "udhaifu".

"Namba ya kumi," akasoma, "Letisia, mwanamke, miaka sabini na mmoja. Udhaifu: mzee asiyejiweza. Atabaki kulinda nyumba."

Mzee asiyejiweza huyo ndiye aliyekuwa amelima matuta matano asubuhi ile, wakati mwanawe anapiga rula.

Mama hakukasirika. Aliuliza tu, "Na hapa nyumbani wanalala siku gani?"

Fabiano akafungua ukurasa mwingine. "Hapa watapita, Mama. Siku ya kwanza, saa nne kamili hadi saa tano kasorobo. Salamu, maombi, picha. Dakika arobaini na tano."

"Arobaini na tano," Mama akarudia.

"Nilitaka thelathini, nikakuongezea."

Mabukwe wangu akainuka akaenda kugeuza mtama wake. Mimi nikamvaa mume wangu: wewe una akili kweli? Mama kangoja miaka kumi na moja, unampimia dakika kama dawa? Akanijibu kwamba Godfrey mwenyewe kasema mahema, na mgeni hupewa anachoomba. Nikamwambia ampigie simu Godfrey amuulize vizuri. Akasema ratiba ikishatoka haiulizwi. Na simu alikuwa nayo yeye, mfukoni, imefungwa kwa kamba isipotee.

Tukaenda Muyinga kutafuta baiskeli. Nilikwenda naye kwa sababu ukimwacha Fabiano peke yake anarudi na wajumbe. Kule, kwenye mtaa wa Waislamu, tuna rafiki yetu Chabani, fundi wa baiskeli, aliyekuwa akituletea vitenge enzi za kambi. Mkewe Amisa alitupa chai na maandazi, na Fabiano akaeleza: anahitaji baiskeli kumi imara za kupandia milima, moja ikiwa ya akiba.

"Kinga kumi! Bon," Chabani akasema. "Zitabeba nini? Mandizi ao makala?"

"Hazitabeba ndizi wala makaa. Ni za matembezi."

Chabani akaweka kikombe chini. "Ngoja. Donc watu wanapanda mulima na kinga, bila mandizi, bila makala. Wanafika kule juu. Iko nini kule juu?"

"Hakuna kitu. Wanaangalia."

"Wanaangalia. Kisha?"

"Wanashuka. Halafu wanapanda mwingine."

"Alors hawa watu wamefanya kosa gani?" Chabani akaniuliza mimi, kwa upole, kama mtu anayeulizia mgonjwa. Amisa alikuwa amejifunika uso kwa ukaya, mabega yanamcheza kwa kicheko. "Na usiku wanalala wapi?"

"Kwenye hema," Fabiano akasema.

Hapo hata Chabani hakucheka. "Mzee Fabiano, mi nilikuona we unaishi mu hema miaka yote ile. Ulikuwa unalia kama unataka nyumba. Sasa uko na nyumba." Alikuna kichwa, akakubali kutupa baiskeli tatu za majaribio. "Mais usiambie watu kama ni mi nilikupatia."

Baiskeli tatu ndizo zilizoleta balaa, maana Fabiano akasema hawezi kupokea wageni kabla ya kufanya jaribio. Msafara wa mfano: sisi sita, yaani yeye, mimi na watoto wanne, tutoke Itaba alfajiri, twende vilima vitano, tufunge hema, tupike, turudi. Hema lenyewe hakulijua isipokuwa lile la zamani, basi akatafuta shitingi, yale maturubai ya plastiki tuliyojengea kambini. Alizipata mbili, moja ilikuwa inafunika tofali za jirani. Jumatano, saa kumi na moja asubuhi, tulipakia shitingi, masufuria mawili, madumu ya maji, mablanketi na maharage. Nilimuuliza kama majirani wameambiwa. Akasema kamati ya habari bado haijaundwa.

Kisha akapuliza filimbi mara tatu.

Tukaondoka kwa mstari, yeye mbele na daftari kwapani, mimi nyuma nasukuma baiskeli yenye masufuria yakigongana. Watoto walikuwa wanafurahi. Mimi nilikuwa nahesabu makosa yangu ya maisha, la kwanza likiwa mafuta ya kupikia. Tulivuka kilima cha kwanza, cha pili, na tulipofika juu ya cha tatu jua limetoka, nikageuka nyuma kupumua.

Mana yanje, Mungu wangu! Barabara ilikuwa imejaa watu.

Kilima chetu chote, maana kwetu kilima ndicho kijiji, kilikuwa kinatufuata. Ursula, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na godoro kichwani na kuku wawili mkononi. Bibi Emerensiana wa karibu na kanisa alikuwa amekalishwa kwenye toroli, anasukumwa na mjukuu wake, amekumbatia sufuria. Watu wana mbuzi, wana watoto mgongoni, wana majembe. Mwanamume mmoja, Hamadi seremala, alikuwa ameng'oa mlango wa nyumba yake akaubeba kichwani, maana mara iliyopita alirudi akakuta mlango umeibwa, na alishaapa haitatokea tena. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha zaidi: walikuwa wanakwenda kimya, haraka, kila mtu anajua pa kuweka mguu.

Fabiano akawauliza, "Mnaenda wapi?"

"Unatuuliza sisi?" Ursula alikuwa analia. "Wewe ndiye uko mbele! Wewe una ndugu Ulaya, una simu, wewe ndiye unajua. Mwenyekiti, tuambie ukweli. Wamefika wapi?"

Mwenyekiti. Miaka sita hakuna aliyemwita hivyo. Nilimwona usoni, na ninamjua mume wangu kuliko ninavyojua sala zangu: alipenda. Mungu anisamehe, alipenda. Kifua kikapanda. Mkono ukaenda wenyewe kwapani, ukatoa daftari.

"Jipangeni kwa familia," akasema. "Wazee na wajawazito mbele."

Nao wakapanga! Watu wazima, wenye mashamba yao na nyumba zao za bati, wakapanga mstari pembeni mwa barabara kama tuko tena kijiji namba nne, na mwanamume wangu akaanza kuandika. Ursula alijiandikisha na watoto saba. Ana wanne, lakini mkono umezoea mgao wa kambini. Fabiano alifika namba thelathini na moja ndipo hasira yangu ikapasuka. Nilimpokonya daftari, nikapanda juu ya jiwe.

"Watu wa kwetu! Hakuna vita! Tunafanya matembezi!"

Wakayatazama masufuria yetu.

"Matembezi," akasema Hamadi chini ya mlango wake. "Na masufuria?"

"Ndiyo, na masufuria. Tunapanda kilima, tunapika, tunalala kwenye shitingi, tunarudi."

"Mnakimbia nini?"

"Hatukimbii kitu! Ni kwa kupenda tu!"

Waliniangalia kwa huruma. Niliona wazi kwamba hakuna anayeniamini. Vita wangeiamini mara moja, wala wasingeuliza ushahidi. Lakini kwamba mtu ana kitanda nyumbani akakiacha, akasukuma sufuria kwenye vilima vitano ili akalale chini ya plastiki, hilo walisema ni uongo wa kitoto. Ursula alinishika mkono, akaninong'oneza kwamba kama nimekatazwa kusema, nikonyeze jicho tu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikamwona Bibi Emerensiana kwenye toroli. Alikuwa amejikojolea kwa hofu na anajaribu kuficha kwa sufuria. Kicheko kikaniisha. Nilimfunika blanketi letu, nikalia.

Mkuu wa kilima alifika na polisi mmoja kwenye pikipiki. Alisikiliza, akalitazama daftari, akaitazama safu ya udhaifu, akalirudisha. Kisha akatangaza kwa Kirundi mbele ya wote: kuanzia leo kwenye kilima chake, shitingi haifungwi, hema halisimamishwi, filimbi haipulizwi, na mtu hatoki na sufuria alfajiri bila kusema anakwenda wapi. Wageni wa Fabiano watakaribishwa vizuri, ila watalala chini ya paa, nyumbani kwa aliyewaalika, na hawatahamahama. Siku mbili nzima mume wangu alipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na mlango wa Hamadi aliushikilia mwenyewe wakati unapigwa misumari.

Godfrey alikuja wiki iliyofuata. Fabiano alimpokea akiwa mnyonge, akaanza kumweleza kwa nini hakuna mahema, kwa nini hakuna msafara, hali ya usalama, uamuzi wa mamlaka. Godfrey alishangaa.

"Kaka, mimi nilifikiria usiku mmoja tu. Hapo uani."

Fabiano alikaa kwenye kigoda, hakuinuka mpaka chakula.

Walikaa siku sita. Mchana watoto walipanda milima yetu wakasema ni mizuri, jambo ambalo watoto wangu hawakulijua. Waliendesha baiskeli za Chabani pamoja na vijana wanaobeba ndizi, Zawadi akaanguka kwenye mtaro akacheka. Jioni Godfrey alikaa na mama yake chumbani, mtungi mmoja, mirija miwili, na sisi wengine hatukuingia. Mimi nilipita mlangoni mara nyingi kuliko kazi zangu zilivyohitaji. Hawakuwa wanasema mengi.

Siku walipoondoka, gari lilipokwisha kushuka, Ursula alikuja kuazima jembe. Katika kusimulia tena ile Jumatano, maana hakuna asiyeisimulia, akasema, "Kama si mabukwe wako kunigongea, ningebaki nimelala, nikafa usingizini."

"Nani alikugongea?"

"Mama Letisia. Alisema maneno mawili tu: 'Fabiano anaondoka na masufuria.' Akarudi kwake."

Nilimpa jembe. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikamkuta Mama anasuuza mtungi wa impeke.

"Mama," nikasema, "wewe ndiye uliyemgongea Ursula."

Hakukana wala hakuacha kusuuza. "Nilisema uongo? Fabiano hakuondoka na masufuria?"

"Mama, Bibi Emerensiana alijikojolea!"

"Najua. Nimekwenda kwake mara tatu. Nimemfulia nguo. Amekataa kusema nami, na ana haki."

Nilikuwa na hasira naye, hasira ya kweli. Nikamwambia angeweza kumpigia simu Godfrey, akamuuliza tu, mtoto angemjibu. Akaniuliza simu ilikuwa kwa nani.

"Mwaka ule wa tisini na tatu," akasema, "mtu aligonga mlango wangu alfajiri. Akasema fulani anaondoka na masufuria. Basi, hakusema zaidi. Sikuuliza fulani anakwenda wapi, wala nani kamfukuza. Niliacha maharage motoni, nikamshika Godfrey mkono. Tukafika kambini, na kambini wakamchukua wakampeleka huko Norwei. Kwa maneno yaleyale, Lucia. Nilijua yanatosha kuzuia mahema ya Fabiano."

Alimwaga maji, akainamisha mtungi chini ukauke. Nikamwambia kwamba alichofanya ni kibaya. Akasema ni kibaya sana, ataungama Jumapili, na padre ampe adhabu anayotaka.

"Lakini nimelala usiku sita namsikia mwanangu anakoroma," akasema. "Ukuta ule ni mwembamba. Alikuwa hakoromi zamani. Sikujua kama anakoroma."